Mvua Imekwenda Peru

Kwa miaka kumi na minne Fransisko alikuwa msoma maji. Ndivyo walivyomwita pale Kivukoni, Ifakara, kana kwamba mto Kilombero ni gazeti. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kumtia mtu aibu. Ukingoni, hatua chache juu ya pale pantoni inapoegesha, idara ilikuwa imesimamisha rula ndefu ya chuma, nyeupe yenye mistari myeusi, urefu wa mita saba. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri alisimama mbele yake, akakunja uso, akaandika daftarini maji yamefika mstari gani. Nyumbani, nyuma ya jiko, alikuwa na kipimo cha mvua, chombo cha shaba kilichofukiwa nusu ardhini, na hicho nacho alikisoma kila kulipokucha. Mwisho wa mwezi karatasi zilikwenda Morogoro kwa posta. Nani alizisoma huko, na alizifanyia nini, Fransisko hakuwahi kuambiwa, naye hakuwahi kuuliza.

"Watu wengine wakitaka kujua kama mvua imenyesha wanatazama nje," mkewe Katarina alipenda kumwambia. "Wewe mpaka uchungulie kopo."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo watu walimwendea. Ifakara mpunga hulimwa pande mbili. Juu, upande wa Lumemo, ardhi ni ya kichanga na mafuriko hayafiki, ila mpunga wake unaishi kwa mvua ya mbinguni peke yake. Chini, mbugani, udongo ni mweusi na mzito, na mpunga unakunywa mtoni. Mwaka wa mvua nyingi, wa mbugani wanazama. Mwaka wa ukame, wa juu wanavuna makapi. Kwa hiyo kila mwezi wa nane, kabla ya kufyeka, kila nyumba hukaa na kuamua: mwaka huu juu au chini? Na anayeshuka hashuki kwa mguu mmoja. Anahama. Anajenga dungu, kijumba cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, anapandisha sufuria, kuku na mbegu, anaishi humo akifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno ya mwezi wa sita. Akikosea, hana pa kurekebishia mpaka mwaka upite.

Ndiyo maana walimwendea msoma maji. Yeye aliwasomea tu mambo ya miaka iliyopita, kwamba mwaka fulani mto ulifika mstari fulani. Kisha kila mmoja aliamua mwenyewe. Isipokuwa dada yake Digna. Huyo hakutaka mambo ya miaka iliyopita. Alitaka neno moja, juu au chini, na akilipata alilifuata.

Digna alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mipana na kauli kali, mvuta ugoro. Mama yao alipofariki kule Mahenge, Fransisko akiwa hata hajaanza kusema vizuri, Digna mwenye miaka kumi na minne ndiye aliyembeba mgongoni wakateremka mlima siku mbili mpaka bondeni kwa mjomba. Yeye mwenyewe hakuitaja safari hiyo. Wengine ndio waliomsimulia Fransisko, na kila walipomsimulia aliona haya, kama mtu anayekumbushwa kwamba bado amebebwa.

Msimu wa mwaka tisini na sita kuingia tisini na saba mvua haikunyesha. Lumemo mpunga ulitoka, ukasimama kama unasikiliza kitu, ukakauka. Digna alivuna debe moja na nusu. Watu walikula mihogo, mihogo ilipokwisha wakala maembe mabichi yaliyochemshwa kwa chumvi. Kipimo cha shaba kilikaa kitupu wiki kwa wiki, mpaka buibui akajenga ndani, na Fransisko akawa anaandika sifuri, sifuri, sifuri, akimwondoa buibui kwa unyasi kila asubuhi ili sifuri yake iwe safi.

Mwezi wa nane ofisa wa idara aliyeitwa Elineema alikuja kukagua rula. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Mpare, msomi asiye na makuu. Katarina alimpikia ugali na samaki mbasa wa kukaanga, akala kwa mikono yote miwili huku akisimulia mambo ya kazi yake.

"Mzee Fransisko, mvua haina siri kubwa," alisema akichambua miiba. "Mvua inafuata joto. Penye maji ya moto baharini ndipo hewa inapanda, ndipo mawingu yanapokusanyika. Basi mwaka huu bahari ya Pasifiki imechemka! Upande wa Peru, Amerika huko. Wavuvi wao wanalia, samaki wote wamekimbia."

"Mvua inafuata joto," Fransisko alirudia.

"Siku zote."

"Na joto mwaka huu liko Peru."

"Liko huko, tena si dogo."

Fransisko aliwaza. Alitaka kuuliza, lakini dereva alipiga honi nje, barabara ya Mang'ula ilikuwa ndefu, na Elineema akanawa haraka, akamshukuru Katarina, akaondoka. Jambo ambalo Fransisko hakuliuliza lilikuwa fupi: hilo joto linakaa? Hakuliuliza pia kwa sababu alidhani analijua. Moto wa mama ntilie unabaki kwa mama ntilie. Jua la Dodoma linabaki Dodoma. Ikiwa joto lipo Peru na mvua inalifuata, basi mvua ya dunia nzima imefunga safari kwenda Peru, na hapa patakauka mwaka wa pili mfululizo. Alipanga hesabu hiyo akilini, akaikagua kila upande, haikuwa na ufa.

Jioni ile alimkuta Digna uani akimenya mihogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Fransi. Mbona umekuja na uso wa mahakamani?"

"Nimekuja kukwambia ushuke."

Digna aliacha kisu. "Mbugani? Mimi sijalima mbugani tangu enzi za marehemu."

"Shuka, dada. Juu mwaka huu hakuna kitu. Mvua imekwenda Peru."

"Peru ni wapi?"

"Mbali. Ng'ambo ya bahari nyingine."

Digna alicheka mpaka ugoro ukampalia. "Hata mvua nayo imepata pasipoti!" Kisha akamtazama kwa makini kama anavyotazama mbegu kabla ya kuzitia kwenye kikapu. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Hayo ndiyo maneno ambayo Fransisko angekuja kuyachukia kuliko yote aliyowahi kuyatamka.

Digna alishuka. Shamba lake la Lumemo alimwazima jirani yake Sikitu, akaenda mbugani mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi, akafyeka, akachoma, akajenga dungu. Neno la Peru lilimtangulia. Sokoni wanawake walipokosa wateja walisema wateja wamekwenda Peru. Nyumba nyingine kumi na kadhaa zilimfuata Digna, maana kila mtu alijua ndugu yake ni nani na anasoma nini.

Mwezi wa kumi redio ilitangaza mvua kubwa kuliko kawaida. Walitaja jina geni, Elnino. Fransisko aliisikia taarifa hiyo mara mbili, mchana na jioni, na kesho yake akaenda mbugani. Alimkuta Digna amekwisha kupanga kingo za shamba, amefunga mbegu darini, anasuka mlango wa dungu.

"Redio inasema mvua nyingi, dada."

"Mwaka jana redio ilisema nini?"

"Mvua za wastani."

"Tukazipata?"

"Hatukuzipata."

"Na yule kijana wa Morogoro alikwambia nini? Mdomo kwa sikio, nyumbani kwako?"

"Kwamba joto liko Peru."

"Basi." Akaendelea kusuka. "Shamba la juu nimeshampa Sikitu, Fransi. Ameshalima. Nikamnyang'anye mwanamke jembe mkononi kwa sababu ya redio?"

Angeweza kusisitiza. Kwa miaka mingi baadaye alirudi mahali hapo akilini, pale mlangoni mwa dungu, akajaribu kusisitiza. Lakini siku ile jua lilikuwa kali, udongo umepasuka vipande kama vigae, na hesabu yake bado haikuwa na ufa. Alikunywa maji, akamsaidia kufunga kamba mbili tatu, akaondoka.

Mvua ilianza mwishoni mwa mwezi huo. Siku ya kwanza watu walicheza nje, na mwanamke mmoja mzima alilala chali katikati ya njia akafungua mdomo. Fransisko aliandika milimita arobaini na moja. Siku ya pili aliandika thelathini. Wiki ya tatu kipimo kilijaa na kufurika kabla hajakifikia asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakujua aandike nini. Aliandika: kimejaa.

"Mzee," Lukelo alimwita kutoka mtoni. Lukelo alikuwa Mhehe mrefu aliyevusha watu na mizigo kwa mtumbwi pale pantoni isipofika. "Ile mvua yako ya Peru imerudi. Na imekuja na shemeji zake wote!"

Wavushaji wengine waliangua kicheko. Fransisko naye alicheka. Wakati huo bado kilikuwa kitu cha kucheka.

Krismasi Digna alikuja mjini kusali. Alilala nyumbani kwa Fransisko siku mbili, mvua ikipiga bati bila kupumzika, wakiongea kwa kupaza sauti kama watu wa mashineni. Rula ilikuwa imefika mita nne na nusu, kiwango cha mwezi wa nne, na mwezi wa nne ulikuwa bado mbali.

"Usirudi, dada. Subiri kwanza."

"Ungeuona mpunga wangu!" Digna alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Haujawahi kunistawia hivi. Maji yakipanda kidogo, nao unapanda. Nikiuacha wiki moja magugu yatanila mzima."

"Maji hayapandi kidogo."

"Wewe si ndiye uliyesema nishuke?" Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetaja jambo la kutegemewa. "Umenishusha pazuri, Fransi. Acha nipavune."

Tarehe ishirini na saba alimbebea mzigo wake mpaka mtumbwini. Aliuweka vizuri mahali pakavu, akasukuma mtumbwi kwa mguu.

Baada ya hapo mto uliacha kuwa mto. Kila asubuhi rula ilikuwa fupi zaidi. Barabara ya Sanje ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika. Pantoni ilifungwa kwa minyororo. Fransisko alijua jambo ambalo wengine hawakulijua kwa namba, kwamba ardhi ya shamba la Digna inaanza kuguswa rula ikisoma mita nne, na sakafu ya dungu lake ikisoma sita na robo. Alizijua kwa sababu mwenyewe alipima, mwezi wa tisa, akijisifu kwa uangalifu wake. Sasa ujuzi huo ulikuwa kama kuona kwa dirisha la kioo kitu kikianguka. Tano na nusu. Tano na tisini. Tarehe kumi na moja ya mwezi wa kwanza Lukelo alirudi kutoka mbugani na ujumbe.

"Bibi anakusalimu. Anasema amefunga fito nyingine juu, amepandisha sakafu. Kuku wamebaki watatu. Anaomba chumvi."

"Hakutaka kuja?"

"Nilimwambia, 'Bibi, panda tuondoke.' Akasema yeye si kuku, hawezi kukimbia kila akiguswa. Mzee, mimi ningembeba kwa nguvu, lakini unamjua dada yako."

Fransisko alinunua chumvi, akampa. Kesho yake jioni Lukelo alirudi na chumvi ileile, nguo zimeloa, hana pondo lake la kusukumia mtumbwi.

"Haipitiki. Pale mto Lumemo unapoingia, maji yanazunguka kama yanakorogwa. Mtumbwi wa wavuvi wawili Wandamba umemezwa mbele ya macho yangu. Mzee, nisamehe. Nina watoto."

"Nenda nyumbani," Fransisko alimwambia. "Kabadili nguo."

Tarehe kumi na nne rula ilizama yote. Fransisko alikata mistari kwa kisu kwenye shina la mkuyu uliosimama juu zaidi, akaendelea kusoma.

"Unaandika nini?" Katarina alimuuliza. Alikuwa amemfuata mtoni na kanga kichwani. "Dada yako yuko majini, wewe unaandika."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiandike, basi! Angalau usiandike!"

Aliandika. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti, kwa padri, na kwa mtu mwenye mtumbwi wa mashine, ambao mashine yake ilikuwa imefunguliwa vipande juu ya meza ikisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam kwa barabara isiyokuwepo. Wote walimsikiliza vizuri sana. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaripia, na upole wao ulimkatisha tamaa kuliko matusi. Kwa hiyo alirudi kwenye mkuyu, asubuhi na alasiri, kwa sababu mikono yake haikuwa na kitu kingine cha kufanya na kwa sababu alihisi, bila kuthubutu kumwambia mtu, kwamba siku atakayoacha kusoma maji yatapanda bila kuonwa na yeyote.

Siku kumi zilipita hivyo. Siku ya kumi na moja Elineema alitokea kwa miguu, matope mpaka kiunoni, karatasi zake zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ametembea kutoka barabara ilipokatika. Alipoona daftari alilishika kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Vituo vyote vya chini vimekatika. Wewe peke yako huku ndiwe mwenye namba. Unajua hii ni hazina?"

Fransisko aligeuka kuelekea mtoni. Alimwongoza mpaka ukingoni. Mbele yao maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kwa kasi, na karibu na mkuyu yalijikunja, yakafanya duara kubwa lililozunguka polepole huku likisogea. Ndani ya duara kulikuwa na mabua, maboga mawili na kipande cha paa la mtu.

"Uliniambia mvua inafuata joto," Fransisko alisema. "Ukaniambia joto liko Peru."

"Lilikuwepo. Bado lipo."

"Basi hii ni nini?"

Elineema alifuta miwani kwa shati lililolowa, akaichafua zaidi. "Joto halikai mahali pamoja, mzee. Bahari inatembea. Ina mikondo, kama mito ndani ya maji, inabeba joto kutoka huku kupeleka kule. Na penye mikondo kunatokea kitu kama kile pale." Akaonyesha duara lile. "Unaliona linavyozunguka? Yale maboga hayakuota hapa. Limeyakumbatia juu huko, linasafiri nayo, litakwenda kuyatema mahali pengine. Baharini yapo ya namna hiyo makubwa kuliko wilaya hii, yanakumbatia maji ya moto, yanatembea nayo wiki na miezi."

"Kutoka Peru mpaka huku?"

"Si maji yale yale, hapana. Bahari zinaambiana kwa upepo. Pasifiki ilipochemka, pepo nazo zikageuka. Kwenye bahari yetu hii upepo ukasukuma maji ya moto ya juu kutoka upande wa Indonesia, yakaja, yakaja, yakarundikana pwani yetu. Sasa hivi bahari pale Dar es Salaam ina joto kuliko miaka yote tuliyonayo kwenye vitabu. Na mvua…"

"Inafuata joto."

"Ndiyo, mzee."

Duara liliwapita. Paa lilizunguka mara moja zaidi, taratibu, likionyesha upande wake wa ndani uliopakwa masizi ya jiko la mtu.

"Siku ile unakula samaki kwangu," Fransisko alisema, "hayo maji ya moto yalikuwa wapi?"

Elineema alihesabu kwa vidole, kwa uaminifu wa mtu anayepewa swali la kazini. "Mwezi wa nane? Yalikuwa yameanza safari."

"Ulijua?"

"Hakuna aliyejua kwa uhakika. Hata sasa tunajifunza." Kisha akamtazama, na labda akaona kitu. "Kwa nini, mzee?"

"Nilitaka kujua tu," Fransisko alisema.

Kwa hiyo hesabu yake yote ilikuwa sawa, ila alikuwa amelipigilia joto msumari mahali pamoja. Alisimama hapo muda mrefu baada ya kijana kuondoka na namba zake. Asingeweza kumlaumu kijana, wala redio, ambayo ilisema kweli. Asingeweza hata kuilaumu bahari, iliyofanya kazi yake kubwa ya kubeba na kutua, kubeba na kutua, bila kujua kuna mtu anaitwa Digna.

Siku mbili baadaye mkuyu ulionyesha maji yameshuka upana wa kiganja. Lukelo alikuja mwenyewe kabla hajaitwa.

"Tujaribu," alisema. "Ila ukae chini, usiinuke, na usiniambie niende haraka."

Walikwenda kutwa kwa njia ya kuzunguka, kupitia juu ya mashamba ya watu. Dungu la Digna walilikuta limeegemea upande, sakafu mbili, ya chini na ile ya fito aliyoongeza, zote zimelowa, na hakuna mtu. Fransisko aliita. Lukelo aliita. Ndege mmoja akaruka.

"Moshi," Lukelo alisema kwa sauti ndogo.

Ulikuwa unatoka kwenye mwinuko wa vichuguu, ambako Wasukuma waliokuja na ng'ombe miaka ya karibuni walikuwa wamejibana na mifugo yao. Mama mmoja aliyeitwa Mbuke aliwapokea, maji yakimfika magotini, akawasalimu kwa utaratibu wote kana kwamba wako uani kwake. Siku nane kabla alikuwa amesikia mtu akigonga sufuria. Akaenda na mwanawe mkubwa, wakiogelea wameshika mkia wa ng'ombe, wakamtoa Digna kwenye fito. Tangu hapo alikuwa akimnywesha maziwa.

"Huyu bibi ni mbishi," Mbuke alisema. "Ana homa lakini anagombana na maziwa."

Digna alikuwa amekuwa mdogo. Macho yalikuwa yale yale. "Fransi," alisema. "Umechelewa na chumvi."

Walimlaza katikati ya mtumbwi. Safari ya kurudi mtumbwi ulivuja kwenye mshono wa zamani, na Fransisko, aliyekaa nyuma ya kichwa cha dada yake, akapewa sufuria ya kutekea maji. Walipokuwa juu ya shamba lenyewe, mpunga uko chini yao mahali fulani, umezama na uzuri wake wote, aliona kwamba asiposema hapo hatasema kamwe.

"Dada, kosa ni langu. Sikuelewa. Nilidhani joto linakaa huko huko, kumbe lilikuwa njiani linakuja. Ningeuliza swali moja tu…"

"Teka maji," Digna alisema.

"Nisikilize kwanza. Nilikwambia nina hakika…"

"Fransi. Mgongo wangu unalowa. Teka."

Aliteka. Kila alichomwaga kiliingia tena kwenye mshono. Alijaribu mara ya tatu walipokaribia Kivukoni, lakini Digna alikuwa amefumba macho, na Lukelo akamwashiria kwa kidevu amwache.

Watu walijaa ukingoni. Walimpokea kwa vigelegele na vilio pamoja, na Digna, akiwa amebebwa kwenye machela ya magunia kupelekwa hospitali, aliinua mkono, wakanyamaza.

"Ndugu yangu alinifuata," alisema. "Mnaona? Maji yote haya, na alinifuata."

"Ni Lukelo," Fransisko alisema. "Ni yule mama Msukuma…" Lakini vigelegele vilikwisha kuanza upya.

Hivyo ndivyo habari ilivyotembea bondeni mwaka ule. Digna alipona taratibu, akahamia kwa Katarina, akakaa mlangoni na ugoro wake, akimsimulia kila aliyepita jinsi msoma maji alivyousoma mto mpaka akaona siku ya kupita, akapita. Fransisko alipomsahihisha, wageni walitikisa vichwa kwa furaha: tazama, hata hajisifu. Zile nyumba nyingine zilizomfuata Digna mbugani zilikuwa zimepoteza kila kitu, na mbili zilipoteza watu. Alizitembelea moja moja akiwa amejiandaa kutukanwa. Walimpa kiti. Walimpa uji. Baba mmoja aliyefiwa alimwambia, "Mungu akubariki kwa dada yako," na Fransisko akaweka bakuli chini.

Mwezi wa nane wa tisini na nane walianza kuja. Walikuja jioni, wawili wawili, wakakaa kwenye mkeka wa Katarina, wakauliza habari za afya, kisha wakauliza juu au chini.

"Sijui," aliwaambia.

"Mzee, hata dokezo tu."

"Sijui. Naapa sijui. Joto linatembea. Leo liko hapa, kesho silijui."

Waliondoka wakinong'ona kwamba safari hii analo jambo zito, hataki kulitamka.

Yeye mwenyewe ilimbidi alime, maana nyumba sasa ilikuwa na watu wa kulisha. Alichagua Lumemo bila sababu yoyote, kwa kuwa tu hakuweza kuitazama mbuga. Alikwenda asubuhi na panga, akafyeka kipande kidogo, akakichoma. Siku ya tatu aliponyoosha mgongo aliona moshi mwingine upande wa kushoto. Kisha wa pili, ng'ambo ya korongo. Jirani yake wa kulia, mtu ambaye miaka yote alilima chini, alikuwa anashusha majembe na watoto kutoka kwenye baiskeli.

"Mnafanya nini hapa?" Fransisko alimpigia kelele. "Nani kawaambia mje juu?"

"Hakuna, mzee!" mtu yule alijibu kwa uchangamfu, akimkonyeza. "Hakuna aliyetuambia kitu!"

Kufika adhuhuri mioshi ilikuwa haihesabiki, kutoka barabarani mpaka kwenye miti ya mlimani, yote ikipanda wima. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Fransisko alisimama na panga lake katikati ya kipande chake kilichoungua, akageuka huku na huku, akaita jina la mtu mmoja, kisha la mwingine. Walimpungia mikono wakaendelea kufyeka.